Mwaustralia Asiyejua Kukaza Bolti

Kwa aliyekosa gazeti la wiki jana, nitaifupisha aibu yangu, maana yenyewe ni ndefu.

Naitwa Hamissi, mtoto wa Mama Khadidja wa Buyenzi. Nimekaa Australia miaka kumi na minane. Mama anajua, na kwa kuwa mama anajua basi Buyenzi nzima inajua, kwamba kule mimi ni fundi wa malori makubwa, kama marehemu baba alivyokuwa fundi hapa. Ukweli ni kwamba mimi ni mpiga gitaa. Napiga blues, muziki wa watu wenye huzuni, mbele ya watu wanaokunywa bia wala hawanitazami.

Nimerudi Bujumbura kwa miezi mitatu. Wiki ya kwanza mama akanitafutia mchumba: Saliha, binti wa Mzee Tajudini mwenye garaje. Wiki ya pili Mzee Tajudini akanikabidhi gari la Bwana Callixte, ofisa wa serikali, ili auone ufundi wa Australia. Nikafungua injini yote. Kuirudisha sikuweza. Nikalala nikiomba nife kifo cha haraka. Asubuhi gari likawaka, linanguruma kama jipya, na garaje nzima ikanipongeza.

Pongezi nilizipokea. Hapo ndipo tulipoachia.

Mtaniuliza: mtu anaanzaje uwongo wa miaka kumi na minane? Anaanza na simu moja.

Nilipofika kule na familia ya mjomba, kazi ya kwanza niliyopata ilikuwa kuosha malori. Nikampigia mama. "Niko kwenye malori, mama." Akapiga kigelegele mpaka simu ikakatika. Aliponipata tena, tayari alikuwa amewatangazia wanawake wote wa avenue yetu kwamba mwanawe ameshika kazi ya baba yake. Siku ya tano nikafukuzwa. Nilikuwa nimeelekeza mpira wa maji kwenye dirisha la lori lililo wazi, na ndani alikuwemo bosi.

Ningempigia mama nimwambie nini?

Lakini katika siku tano zile nilimpata Des. Huyu alikuwa mzee wa Kiaustralia, muosha malori mwenzangu, ambaye saa ya chakula alivaa soketi ya spana, kile kichuma chenye tundu cha kukazia bolti, kwenye kidole kidogo na kuiburuza juu ya nyuzi za gitaa. Gitaa lililia kama mtu. Nilimwomba anifundishe. Akasema nina bahati, blues haihitaji akili nyingi, inahitaji mtu aliyeharibikiwa. Akaniangalia na ile barua yangu ya kufukuzwa, akasema nimefuzu.

Waustralia hawakuweza kulitamka jina langu. Wakaniita Hamish, ambalo ni jina la wazungu wa Uskoti. Nikazunguka baa za vijijini miaka kumi na moja na jina hilo. Usiku wa kwanza mwenye baa alidhani nimeleta pizza. Katika tamasha la mji mmoja wa wafugaji nilipata nafasi ya tatu. Washindani tulikuwa watatu, na wa pili alikuwa mtu na mbwa wake aliyebweka pamoja na harmonika. Gazeti moja liliandika kwamba sauti yangu ina maumivu ya kweli. Wiki hiyo nilikuwa na jino bovu.

Mwishowe mpiga ngoma wangu na mpiga besi wangu wakaoana, wakagundua kwamba wawili wanatosha. Ndipo nikamwambia mama kwamba garaje imenipa likizo.

Basi, wiki hii.

Niliweka picha ya ziwa kwenye ukurasa wangu wa mtandao, wenye jina la Hamish na picha za gitaa tu. Siku ya pili kijana mmoja wa Carama, anaitwa Bonfils, mwandaaji wa matamasha, akaniandikia kwa Kifaransa: "Monsieur Hamish, tumesikia uko Bujumbura. Ungekubali kupiga Jumamosi saa kumi, hoteli moja ya Kinanira?"

Nikapiga hesabu. Kinanira ni juu mlimani, kwa watu wa mashirika na wenye majumba. Nani wa Buyenzi atapanda huko kusikiliza blues? Nikajibu ndiyo, kwa Kifaransa kibovu, ili nionekane mgeni.

Jumamosi nikachukua sanduku la gitaa. Mama alikuwa mlangoni.

"Unaenda wapi na hiyo kitu?"

"Kuna lori Kinanira, mama. Hizi ni spana."

"Spana ndefu hivi?"

"Malori ya kule ni marefu."

Akaniwekea sambusa mbili mfukoni, nisifanye kazi na njaa. Nilitembea mpaka kona sijageuka nyuma.

Kwenye geti la hoteli mlinzi akanizuia.

"We unaleta nini?"

"Mi ndiye musanii."

Akacheka, akanionyesha kwa kidole afishi iliyobandikwa ukutani. Palikuwa na mzee wa kizungu mwenye ndevu nyeupe na kofia ya ngozi. Chini yake: HAMISH, MFALME WA BLUES KUTOKA AUSTRALIA. Nilimtazama yule mzee. Kwa kweli alikuwa na sura ya mtu anayejua kupiga kuliko mimi.

Bonfils akaja mbio, simu mbili mkononi.

"We ni nani?"

"Hamish."

"Apana."

"Ndiyo."

"Apana, apana! Hamish ni muzungu. Nimetafuta kwa mtandao, nimemuona!"

"Umeona Hamish mwingine. Mi ni Hamissi."

Nikampa pasipoti. Akaisoma, akaigeuza, akaisoma tena, kisha akakaa juu ya spika kama mtu aliyepewa habari ya msiba.

"Ungeniambia we ni mutu wa hapa!"

"Hukuniuliza."

"Nani anamuuliza mutu wa Australia kama anatoka Buyenzi?"

Hapo alinishinda. Lakini meza zilikuwa zimejaa, na mzungu mwingine hakuwepo wa kumpandisha jukwaani. Nikapanda mimi.

"Muzungu ako wapi?" bwana mmoja wa meza ya mbele akauliza, kwa sauti.

Nikawasalimu kwa Kiingereza changu cha Australia, nikitoa maneno puani jinsi Des alivyokuwa akiyatoa.

"Huyu anaigiza," mama mmoja akamwambia jirani yake.

Wimbo wa kwanza, watu wakarudi kwenye samaki wao. Wimbo wa pili, samaki wakaisha, wakaagiza wengine. Wimbo wa tatu, nimefunga macho, naingia pale ambapo sauti inapasuka, umeme ukakatika. Spika zikafa. Nikabaki na mdomo wazi.

Watu wakapiga makofi. Yalikuwa makofi ya kwanza siku hiyo, na nadhani waliupigia ule ukimya.

Jenereta ya hoteli ikakohoa mara tatu, ikanyamaza. Meneja akapiga simu kuita fundi. Bonfils akanishika shati.

"Imba bila umeme! Wakiondoka, mi nimekwisha."

Nikashuka katikati ya meza na gitaa langu. Yule mama wa "anaigiza" akasema, "Imba basi kwa Kiswahili, tusikie unalia nini."

Sijawahi kuimba blues kwa Kiswahili. Kwa Kiingereza nililia juu ya treni ambazo sijawahi kuzipanda na wanawake ambao hawajawahi kuniacha, kwa sababu hawakuwahi kunikubali. Kwa Kiswahili sikuwa na treni. Nilikuwa na sambusa mbili mfukoni. Nikavaa soketi kidoleni, nikaburuza, na maneno yakatoka yenyewe:

*Mama anajua mkononi nashika spana,*
*Mama anajua mkononi nashika spana,*
*Spana niliiacha, mama, nalia na nyuzi usiku na mchana.*

Bwana wa meza ya mbele akaacha kutafuna.

Nikawaongezea ule wa bosi na mpira wa maji. Nikawaongezea ule wa mbwa aliyenishinda. Watu wakacheka mpaka wakafuta machozi, yule mama akagonga meza akisema, "Rudia ya mbwa! Rudia!" Katika miaka kumi na moja, ilikuwa mara ya kwanza watu kuacha chakula kwa ajili yangu. Nikaona kama napaa.

Umeme ukarudi. Spika zikapiga yowe. Na kutoka nyuma ya jiko akatokea fundi wa jenereta, kavaa ovaroli, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi, mafuta mpaka viwikoni, anakuja kumwambia meneja kazi imeisha.

Fundi akasimama. Akanitazama mimi, akalitazama gitaa.

"Spana uliiacha?" akauliza.

Sauti ile niliijua. Nilikuwa nimeisikia mara mbili, sebuleni kwetu, ikisema "asante, mama" na "nimeshiba, mama."

"Saliha?"

"Hamissi?"

"We unafanya nini hapa?" tukaulizana kwa pamoja, kisha kila mmoja akageuka kuangalia nyuma, kama kuna mtu wa kwenda kutusemea.

Tukakutana nyuma ya jiko. Meneja alikuwa akimpigia yeye kila jenereta inapogoma, akidhani ametumwa na garaje ya Mzee Tajudini. Mzee Tajudini mwenyewe alimruhusu kuuza vipuri tu, kwenye duka lao la mtaa wa Asiatique. Siku hiyo alidhani binti yake yuko kwa shangazi.

"Ilikuwa na nini?" nikauliza, ili nionekane najali.

"Mazuti ya magendo. Hiyo dizeli imejaa maji. Nimesafisha filta, nikatoa hewa." Akanitazama kwa makini. "Umeelewa nilichosema?"

"Hewa nimeelewa."

Ndipo likaniingia kichwani.

"Na gari ya Callixte?"

"Unafikiri ilijitengeneza? Niliingia garaje saa sita usiku, baba amelala. Ile gasket uliiweka juu chini. Na bolti tatu sijazipata mpaka leo."

"Mbili ziko kwenye suruali yangu ile nyingine."

Alifunga macho kidogo, kama mtu anayeomba subira.

Nikamwambia basi imetosha. Leo leo naenda kumwambia mama ukweli, halafu baba yake, halafu nikate tiketi nirudi kwa yule mbwa.

"Subutu!" Akanishika mkono, akaniachia mafuta. "Sikiliza. Baba hana mutoto wa kiume. Amesema funguo za garaje atampa mukwe, na mukwe awe fundi. Unafikiri nilikubali hii ndoa kwa nini?"

"Si kwa ajili yangu?"

"We nimekuona mara mbili, Hamissi. Na kwenye garaje nimechungulia mara moja, umenasa mukono kwenye mukanda wa feni."

"Injini ilikuwa imezimwa."

"Njo maana uko na mukono." Akashusha sauti. "Tuoane. We utakaa pale mbele unakunywa chai, mi nitatengeneza nyuma. Watu wataona fundi wa Australia, gari zitapona, baba atafurahi, mama yako atafurahi."

"Na blues?"

"Imba hapo hapo mbele. Wateja watafikiri ni redio."

Mnaonijua mshajua nilijibu nini. Nilienda Kinanira na uwongo mmoja, nikarudi na mwingine juu yake, na huu wa pili ukiwa na mshirika.

Jumamosi ile, kuanzia magharibi mpaka isha, Saliha alinifundisha kwa simu. Mzee ataniuliza kuhusu injini ya Callixte. Nikakariri. Alinisahihisha, nikakariri tena, mpaka nikaweza kuitaja kila valvu kama mtu anayetaja wajomba zake.

Jumapili baada ya alasiri wakaja. Mzee Tajudini na wazee wawili wa msikitini wakakaa kwenye jamvi. Saliha na shangazi yake wakaingia chumba cha pili, upande wa wanawake, pazia katikati. Mama alikuwa amevaa kanga yake mpya, akaja kukaa karibu na mlango, pale ambapo angenisikia vizuri.

Chai ikanywewa. Habari za petroli zikazungumzwa, nani ameipata na nani amelala foleni. Kisha Mzee Tajudini akaweka kikombe chini.

"Hamissi, ile gari ya Callixte inatembea vizuri. Kabla sijasema neno langu, nieleze kidogo. Ulifanya nini kwenye kichwa cha injini?"

Nikavuta pumzi, nikaanza. Nikamwaga yote. Jinsi nilivyokuta gasket, jinsi nilivyosafisha, jinsi nilivyopanga valvu kuanzia "kale kadogo ka mwisho" mpaka mbele. Sikukosea neno. Wazee wakatazamana. Mzee Tajudini akaitikia polepole kwa kichwa.

Lakini mimi nilimwangalia mama. Hakuelewa hata neno moja la valvu. Alikuwa amefumba macho, anatikisa kichwa kwa kila neno langu, kama anavyofanya Kurani ikisomwa.

"Vizuri," Mzee Tajudini akasema. "Vizuri sana. Sasa mi niko garaje miaka arobaini. Najua mutu mumoja tu anayeiita ile valvu 'kale kadogo ka mwisho.' Ni mutoto wangu, tangu ana miaka saba, anakaa kwenye tairi ananiangalia nafanya kazi." Akaniinamia. "Nitazame. We ni fundi?"

Nyuma ya pazia mtu akakohoa. Kilikuwa kikohozi cha kunikumbusha makubaliano.

Ningeweza kusema ndiyo. Nina uzoefu. Lakini mama akafungua macho, akanitabasamia kunitia moyo, akidhani nimesahau Kiswahili.

"Apana, mzee," nikasema. "Mi si fundi. Sijawahi kuwa fundi. Kule mi napiga gitari."

Mzee mmoja wa msikitini akajifanya anatafuta kofia yake, nayo ilikuwa kichwani.

"Na ile gari nani alitengeneza?"

Pazia likafunguka. Saliha akasimama pale, shangazi anamvuta gauni kwa nyuma.

"Mi, baba."

"Onyesha mikono."

Akainyoosha. Hina ya wageni ilikuwa imepakwa vizuri, na kwenye kucha, chini ya hina, ule weusi ambao sabuni haiutoi. Mzee Tajudini aliitazama mikono ile muda mrefu.

"Miaka sita," akasema, "naacha gari imekufa jioni, naikuta imefufuka asubuhi. Nilifikiri ni yule fundi wangu mulevi amepata akili."

"Apana, baba. Ile mulevi bado."

Mzee akaingiza mkono mfukoni, akatoa kishada cha funguo, akakiweka kwenye jamvi katikati yetu.

"Nilikuja na hizi nimupe mukwe. Sasa sijui nampa nani."

Saliha hakungoja. Akapiga hatua mbili, akainama, akaziokota.

"Funguo nimepokea, baba, asante. Ile ndoa munipe mpaka Ijumaa nifikiri." Akanitazama, na sikuona hasira, niliona mtu anayesikiliza injini. "Jana ilikuwa ndoa na garaje ndani. Leo ni ndoa tu."

Nimeimba miaka kumi na moja juu ya wanawake walioondoka. Blues ina nyimbo za walioondoka asubuhi, walioondoka na gari, walioondoka na mpiga besi. Mwanamke aliyeomba muda mpaka Ijumaa sina hata wimbo wake mmoja. Nikasema, "Sawa."

Wageni wakaaga. Mzee Tajudini alinipa mkono mlangoni, akanishika kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika, akatoka.

Tukabaki wawili. Mama akainama kwenye jamvi. Akakusanya vikombe kimoja kimoja, akavipanga kwenye sinia. Nikataka kumsaidia, akalisogeza sinia upande wa pili.

"Mama."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

"Malori hayakuwepo?"

"Yalikuwepo siku tano."

Akaitikia kwa kichwa, kama anayehesabu kitu kichwani mwake. Nikaanza kujieleza. Nikamwambia habari za Des, habari za mbwa, nikitegemea atacheka, maana Kinanira walicheka. Hakucheka. Aliningoja nimalize.

"Baba yako gari ilimuangukia," akasema. "Jeki iliteleza. We ulikuwa mudogo, nilikuambia ni homa."

Nilikaa chini.

"Uliponiambia uko kwenye malori nilipiga kigelegele, watu walikuwepo. Simu ilipokatika nililia. Tangu ile siku, Hamissi, kila alfajiri, miaka kumi na minane, namuomba Mungu kitu kimoja tu: gari isikuangukie."

Adhana ya magharibi ikaanza. Mama akaokota birika la maji ya kutawadhia, akasimama nalo mlangoni.

"Sasa ni saa ya kuswali," akasema. "Niambie. Nikuombee nini?"

Hakuwa anafanya mzaha. Alisimama pale na birika lake, akingoja jibu.